Ndoo ya Tope Iliyotolewa Harufu

Kabla hata ya chai Gwantwa alikuwa ameshazama hadi kiunoni kwenye bwawa la Iyula, akizoa tope la chini kwa mikono. Lilitoka jeusi, likinuka mayai viza. Juu maji yalikuwa ya kijani kizito, na perege wawili walielea matumbo juu. Alijaza ndoo.

Kamati ya bwawa ilikuwa imemwandikia barua: mbolea ya bustani yake ndiyo inayoleta ukijani, kabichi zing'olewe. Zilikuwa zimebakiza wiki mbili tu zikomae, na nyumbani hapakuwa na kingine cha kumlisha Elina, mwanawe.

Damiano, afisa wa maji kutoka Vwawa, alikuwa amemvuta pembeni. "Mama, tope lile lina fosforasi ya miaka mingi. Likipata hewa, linaishikilia. Makapi ya kahawa yakioza huko chini, hewa inakwisha, tope linaiachia yote. Hiyo ndiyo inayolisha ukijani. Lete tope kwenye kikao cha kamati, nitalipima mbele yao."

Hakumwambia alifunike.

Makapi yalitoka kwenye mtambo wa Gibson wa kumenyea kahawa. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Gibson huyo huyo.

Sasa, mwanamke aliyelelewa haingii kikaoni, mbele ya wakwe na wazee wa kanisa, na ndoo inayonuka. Siku nzima Gwantwa alilikoroga tope kwa mwiko, akalimimina ndoo hii kwenda ile kama anayepoza uji, mpaka harufu ikaisha. Asubuhi ya kikao lilikuwa limetulia chini, rangi ya kahawia, na maji juu yake meupe. Akafurahi, maskini.

Damiano aliyapima maji ya ndoo mara mbili, akainua uso.

"Umelifanya nini?"

"Nimelitoa harufu tu."

"Umelitia hewa, mama. Fosforasi limeishikilia, kipimo hakioni kitu." Akamgeukia Gibson. "Mwenyekiti, tukachote lingine. Bwawa liko hapo tu."

"La nini? Maji si haya, meupe? Tope halina neno. Mama Elina, ndoo umeileta wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hapana, lakini mzee, bwawani..."

"Katibu, andika hivyo. Na wewe mtaalamu, gari langu la kukurudisha Vwawa linaondoka sasa hivi."

Damiano alifunga mkoba wake. Hakumtazama Gwantwa.

Mchana mgambo wawili waling'oa bustani. Gwantwa aliwaomba wamwachie hata mstari mmoja wa Elina. Walisema wametumwa wamalize. Kabichi wakazitupa bwawani, zikaelea juu ya ukijani; zitaoza, zitashuka chini kwenye lile tope. Alilijua hilo sasa, na hapakuwa na wa kumwambia.

Mgambo mmoja aliinama bwawani anawe, akarudi nyuma.

"Yananuka haya."

Akaiona ndoo ya Gwantwa iliyorudi kutoka kikaoni, maji yake bado meupe. Wakanawia humo, wote wawili.