Nepi za Kuombwa

Kaka yangu Rifat alituma katoni mbili za pampasi kutoka Kuwait, na wifi yangu Rawya akazisukumia chini ya kitanda kwa mguu kama anayesukuma panya aliyekufa. Mimba yake ilikuwa kubwa, imebaki kidogo. "Hizo wagawie wanaozipenda," akaniambia. "Huyu nitamfunga vitambaa."

Nilinuna siku nzima. Mfuaji wa hivyo vitambaa nilijua ni nani: mimi Insaf, niliyeachwa na mume nikarudi kwa mama yangu bila mtoto, na mwanamke asiye na mtoto mikono yake huhesabiwa mali ya nyumba. Lakini ningemwambia nini? Rawya alikuwa ameshazika wawili. Wa kwanza hakufikisha arobaini. Wa pili alikaa hadi akajua kucheka, kisha akaenda na kicheko chake. Wote wawili walipokewa kwa nguo mpya za dukani na nepi za katoni, na hapa kijijini kwetu kila mtu alishajua kosa liko wapi: mtoto aliyepambwa ameshaonwa na jicho baya. Anayetaka wa tatu abaki humleta duniani kama mwana wa fukara. Anapita nyumba saba ambazo hazijawahi kuzika mtoto, anasimama mlangoni, anaomba kwa kinywa chake nguo iliyokwisha kuvaliwa, na akipewa anaondoka bila kushukuru. Hizo ndizo nepi. Na mtoto akizaliwa jina lake Shahat, yaani ombaomba, ili kifo kikipita kione hapa hapana cha kuchukua.

Mama yangu, Hajja Nafusa, alikuwa na yake ya kusema. "Nepi ni nepi," alisema huku anachambua dengu. "Mtoto akinya hajui kama ni hariri au gunia. Mimi nimezika wanne, na nepi zao wote zilikuwa za kuombwa."

"Na hawa wawili waliobaki?" Rawya akauliza.

"Hao pia zilikuwa za kuombwa."

"Basi nitaomba, mama."

Mama akarudi kwenye dengu zake.

Tukatoka mimi na yeye asubuhi moja. Rawya ana majivuno yake, amesoma, baba yake alikuwa mwalimu, na hajawahi kuazima hata chumvi. Nilimwona anavyomeza mate kabla ya kila mlango. "Nipe sadaka ya anayekuja," alikuwa anasema, macho chini. Mama Gamil alitupatia shuka la maua lililopauka, akatusomea kwanza alilinunua wapi na lilivyokuwa ghali, hata nikataka kumtupia usoni. Nyumba nyingine ilitoa kanzu ya nailoni. Rawya alipokea kwa adabu, lakini tulipofika njiani nikamwambia hiyo haifai, haifyonzi mkojo, itamchubua mtoto mapaja. "Ongeza nyumba nyingine," nikasema. Alitaka kulia. Pamba kuukuu ndiyo nepi, iliyofuliwa hadi imekuwa laini kama ndani ya mkate, na pamba kuukuu watu wanaipenda, hawaitoi hivi hivi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Atiyat, ng'ambo ya mfereji. Atiyat ana mtoto mmoja tu, Hilali, wa miaka sita au saba, aliyempata baada ya kusubiri miaka. Sikutaka tumwombe. Lakini Rawya hata sentensi hakuimaliza. Atiyat alimwita mwanawe aliyekuwa anacheza vumbini, akamvua kanzu aliyokuwa ameivaa, nyeupe yenye mistari myembamba ya samawati, pamba tupu, akaingia ndani akatoka na mkasi. Kijana kasimama na chupi yake, kajifunika kwa mikono, anacheka kwa haya.

"Unanikatia kanzu yangu?"

"Ya chini nampa mtoto wa Rawya awe na nepi. Ya juu nitakushonea shati."

Hilali akafikiri. "Kwa hiyo atanikojolea mimi?"

"Wewe ulinikojolea miaka miwili," mama yake akasema. "Na wewe kojolewa kidogo."

Tulicheka wote, na Rawya pia, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu alipomzika yule wa pili. Alisahau, akashukuru. Atiyat akamziba mdomo kwa kiganja, maana shukrani huvunja kinga.

Nyumbani nilivikata vitambaa vyote mraba, nikavipinda kingo. Cha Hilali ndicho kilikuwa bora kuliko vyote. Kilikunjika vizuri, kilishika maji, kilikauka upesi. Shahat alipozaliwa, mdogo, mwekundu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, Rawya alikuwa anachagua hicho kwanza kila kilipokuwa safi. Mimi nilifua kwa sabuni ya mafuta ya zeituni, nikachemsha, nikaanika. Nilianza kwa kununa. Sijui ni siku gani nilijikuta naimba.

Hilali alikuwa anapita kila asubuhi. Anasimama penye kamba, anatazama. "Shangazi Insaf, leo kanivaa?"

"Kakuvaa."

"Kanikojolea?"

"Tena sana. Kakunyea kabisa."

Basi anaondoka na furaha ya mtu aliyepewa cheo. Mara moja moja Rawya alimruhusu amshike mtoto, akiwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu kainyoosha, hapumui.

Ilikuwa majira ya joto, wakati nge wanatoka. Mpira wa Hilali uliingia kwenye rundo la matofali nyuma ya nyumba yao, akatia mkono. Baba yake alimbeba, wakapata gari, lakini mjini hawakufika. Walimrudisha kabla ya adhuhuri.

Sisi tulisikia kilio kikivuka mfereji. Mimi nilikuwa kwenye tanuri, mikate imeshaumuka juani, moto umeshika. Mama akatoka kuuliza, akarudi, akamwambia Rawya bila kumficha, maana jambo kama hilo halifichiki. Rawya hakusema hata "inna lillahi". Alimweka mtoto mkekani, akamfungua. Siku ile alikuwa amevaa cha Hilali. Akakivuta, kikiwa na joto na mkojo wa mtoto, akaja nacho kwangu mbio, akapitisha mkono mbele ya uso wangu, akakitupa motoni.

Kilitoa moshi kwanza kwa sababu ya unyevu. Kisha kikashika.

"Rawya," mama akasema kutoka mlangoni. "Umechoma nguo ya watu?"

"Nyumba yao imeshazika."

"Nguo imetoka kwa mtoto aliye hai."

"Na sasa hayuko hai," Rawya akasema. "Mama, mimi sina wa nne. Nikimpoteza huyu sina mwili wa kubeba mwingine. Nisamehe, lakini kile sitamfunga tena."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hilo nalijua. Na uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nalo naambiwa kila siku, ndiyo maana nilifunga mdomo. Lakini mikate ya siku ile sikuila. Ilinukia kitambaa, au mimi ndiye nilidhani hivyo.

Mimi na mama tulikwenda msibani. Rawya hakuenda, na hakuna aliyemlaumu, maana mzazi ndani ya arobaini yake haendi kwenye kilio, na anayetoka huko haingii alipo, asije akamkausha maziwa. Tuliporudi mama alinipeleka zizini moja kwa moja, tukalala na mbuzi hadi asubuhi kwa ajili ya matiti ya Rawya. "Nepi ni nepi," nikamkumbusha gizani. "Lala," akaniambia. Yeye mwenyewe alilia karibu usiku mzima. Alikuwa anampenda yule kijana, alikuwa anamwekea tende.

Watu wakaanza maneno. Wakasema Atiyat alikata bahati ya mwanawe kwa mkasi, akaitoa mlangoni, na aliyeipokea akashukuru. Nilimsikia Mama Gamil anasema hivyo kisimani, nikamwambia shuka lake lilikuwa limeoza na ndiyo sababu alilitoa. Halikuwa limeoza. Nilikuwa na hasira na sikujua niipeleke wapi.

Arobaini ya Shahat ilikuwa bado haijatimia Atiyat alipokuja. Hakupiga hodi wala hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, juani, na nguo zake nyeusi, akaita kwa sauti ya kila siku, "Mama Shahat, upo?"

Mama akainuka. "Karibu ndani, mwanangu. Jua hilo."

"Hapana, Hajja. Mtu ana maziwa. Nitasemea hapa hapa."

Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani. Rawya alikuwa amekaa na mtoto, akamvuta kifuani bila kujua kama anafanya hivyo. Atiyat aliona. Alitazama pembeni.

"Sikuja kwa ubaya," akasema. "Najua yanayosemwa. Mimi sijasema. Kanzu ni kanzu, na nge ni nge." Akavuta mtandio mbele, kujikinga jua. "Baba yake kagawa nguo zote. Siku ya tatu, mimi nimelala, watu wamenipa dawa. Kafunga furushi kapeleka vijiji vya mbali huko ili nisije nikaziona kwa mtoto mwingine. Hata lile shati nililokuwa naanza kushona. Alitaka kunisaidia, masikini ya Mungu, hakutaka nikae nazilia. Nimeamka, wenzangu, sina hata soksi. Nimetafuta nyumba nzima. Nimetafuta hadi kwenye kamba, labda limebaki pajama. Ndipo nikakumbuka chenu."

"Sikidai. Nilichotoa nimetoa. Kikae na mtoto, kimpe afya. Ninachoomba, kikichafuka, nitumie mimi. Nikifue, nikianike, kikikauka nakurudishia. Basi. Nilikuwa nalalamika kila siku kwa sababu ya nguo za yule mtoto, vumbi, mafuta, matope ya mfereji. Sasa sina cha kufua." Akajaribu kutabasamu. "Insaf, wewe utapumzika."

Nilimtazama Rawya. Alikuwa anamtazama mtoto. Basi mama yangu, mwenye miaka sabini na mitano, mwanamke ambaye hajawahi kudanganya hata uzito wa jibini, akaenda kwenye kamba, akachukua kitambaa cha Mama Gamil ambacho maua yake yalishafutika, akakikunja mara nne na kukinyoosha nje ya kizingiti.

"Hiki hapa, mwanangu."

Atiyat alikipokea kwa mikono miwili. Akakifungua. Akapitisha kidole kwenye upindo, akakitazama upande wa pili, akakikunja tena vilevile kilivyokuwa.

"Hili ni shuka la Mama Gamil, Hajja," akasema polepole. "Cha Hilali kina mistari."

Mama akainamisha kichwa. Ndipo Rawya akapata sauti.

"Nilikichoma. Siku ile ile. Nilisikia kilio, nikamvua mtoto, nikakitia kwenye tanuri."

Nilingoja Atiyat apige kelele. Ningependa apige kelele, nasema kweli, tungejua la kufanya, tungemshika, tungemmwagia maji. Alisimama tu na kile kitambaa mkononi.

"Ulimwogopa Hilali," akasema.

"Nisamehe."

"Ulimwogopa Hilali wangu. Yeye alikuwa anakimbizwa na bata. Bata, Rawya, anakuja mbio ananiingia chini ya gauni. Usiku chooni haendi mpaka nisimame mlangoni na taa, na niwe naongea, nikinyamaza analia. Leo ndiye wa kuogopwa."

Rawya aliinuka. Machozi yalikuwa yanamwagika hadi kwenye uso wa mtoto. Akavuka kizingiti, mama akamwita kwa jina, hakugeuka, akatoka juani pekupeku na kumnyooshea Atiyat mtoto wake kwa mikono yote miwili. Nilimchukia Rawya kwa kile alichokichoma, na saa ile nilimpenda kuliko ndugu yangu, vyote kwa pamoja, na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha.

"Mshike," Rawya akasema. "Mama Hilali, mshike. Nakuomba."

Mikono ya Atiyat ilitoka. Niliiona, ilifika nusu ya njia, viganja vimeshafunguka kama vya kila mama anayepewa mtoto. Kisha ikarudi. Akaipeleka nyuma ya mgongo wake, akaishikanisha huko.

"Mrudishe ndani," akasema.

"Siogopi tena. Wallahi siogopi."

"Wewe huogopi," Atiyat akasema. "Naogopa mimi. Mpaka nafika hapa nilikuwa simwogopi mtu."

Akageuka, akashika njia ya mfereji. Kitambaa cha Mama Gamil aliondoka nacho, sidhani kama alijua. Tulimwona hadi anapinda kona, na mikono bado ilikuwa nyuma.