Sindano Kumi za Jenta

...na huu ukurasa wa kompyuta unafunguka kwa kujivuta, nusu umekuja, nusu bado, na huyu kaniegemea begani ananuka moshi wa kuni, subiri basi, namwambia, hii siyo redio, naye ananijibu haya wifi, mpole kama kawaida yake, na upole wake ndio unaonikera, mtu mpole hujui kaficha nini, Ruthu ni jina lake la kanisani tu, sisi nyumbani Mkonze tunamwita Yule wa Busi, kijiji alikozaliwa, miaka mitano kaolewa na kaka yangu Gerson na bado ni Yule wa Busi, na Jumamosi wazee wanakaa, neno ni moja tu, arudi kwao na mtoto wake kiziwi, maana ukoo wetu hauna viziwi, mama kahesabu mababu mpaka akachoka, hamna, basi uziwi umetoka kwao, na nani alilitamka hilo kwanza? Mimi. Jikoni, nachambua mlenda, na yeye yuko mlangoni kabeba ndoo, nikapaza sauti makusudi asikie, nikaona raha, siongopi, niliona raha... “Wifi, imesema?” Bado! Huyu naye, kiboksi cha dawa mtu mwingine angetupa, yeye hatupi kitu, kaweka vifungo na uzi miaka mitatu, juzi daktari wa masikio kamwuliza mtoto alichomwa sindano gani alipokuwa mchanga, ndipo akakikumbuka, jentamaisini, jina zima ubavuni, na kwa kuwa Kiingereza hakijui, katika Dodoma nzima hii, na wanachuo wake wote, kaja kwangu, wifi wewe ni nesi, nitafutie huko kwenye kompyuta. Kwangu! Kiboksi kimetoka dukani kwangu, mjinga wee, na sindano nilichoma mimi, nami nikaja hapa kwa mbwembwe zote, nikijua itaandikwa dawa ya vijidudu, basi, nimwoneshe aone haya... nesi, nesi gani, nilikuwa mhudumu wa wodi, nafagia, nawashika miguu watoto wachomwe, kwa kutazama nikajua, ilipokuja ruksa ya biashara kila mtu kafungua duka lake nami nikafungua la dawa, vidonge tu ndivyo nilivyoruhusiwa, lakini watu wetu usipowachoma wanaona hujawatibu, nikachoma, huyu Tereza wake alikuwa na miezi saba, homa kama moto, nusu kichupa, nilikadiria kwa jicho, siku saba, kisha nikaongeza tatu kwa mapenzi, ndiyo, kwa mapenzi, ni damu ya kaka yangu, na homa iliposhuka tulipiga vigelegele, nikachinjiwa jogoo... haya, umefunguka wote. Figo, hiyo naruka, hili neno refu silijui, linalofuata nalijua, kusikia, linalofuata, kupotea, hapana, rudi juu, soma tena Penina, kusikia kupotea, na huenda isirudi tena, na hasa dozi ikizidi, na hasa siku zikizidi, Yesu wangu, siku zikizidi... na Tereza kapakatwa hapa anautazama mdomo wangu, ananitazama mdomo, watoto wenzake wanakutazama machoni, na mtoto wa Yasinta, mteja wangu, naye nilimchoma mwaka ule ule, na pacha wa jirani, wale wanasikia? niliwahi kuwaita wakageuka? sikumbuki, wangapi, Mungu wangu, wangapi... “Mama, dakika tano zimebaki,” huyo ni Octavian mwenye kompyuta zake, nyamaza, sema Penina, mwambie, neno moja tu, ni mimi, na Jumamosi hakuna kikao, ila Gerson atanifanya nini, na duka, na mama atakayenitazama kila asubuhi, sema, mdomo nimeshaufungua, “Ruthu,” naam wifi, na kabla sijaendelea ananishika mkono, mkono wake mgumu wa jembe, “Usijisumbue, wifi, naona hujakuta kitu. Nilijua siyo dawa. Ulikesha naye siku zote zile, wewe ungemdhuru? Uziwi ni wa kwetu tu. Alikuwepo shangazi wa baba, hakusikia vizuri uzeeni... nitawaambia wazee mwenyewe.” Na anacheka kidogo, kwa aibu, ananiomba radhi! Mimi! Na kinachonijia siyo kilio, nilidhani kitakuwa kilio, ni nafuu, nafuu tupu, mwili mzima umelegea kama niliyetua mzigo, basi mimi ndiye mtu wa namna hii, sikujua, miaka arobaini na moja sikujua, na Jumamosi nitawahi kusema kabla ya mama, arudishwe Busi na arudishwe mapema, maana jana nilitaka aende kwa kuwa simpendi tu, ila leo siwezi kula meza moja na mtu anayenishukuru, na ukurasa uko wazi mbele yake, herufi kubwa za Kiingereza, anautazama kwa heshima, mkono wake haujaniachia.