Kifuniko Kisichotoka

Fundi wa viyoyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi, aliibiwa mchana kweupe. Alisimamisha pikapu yake nje ya duka la dawa, akaingia kununua vidonge vya kichwa, na alipotoka, nyuma ya gari palikuwa peupe. Begi la zana, geji ya kupimia gesi, hata bomba la shaba alilokuwa amelinunua asubuhi ile, vyote vilikuwa vimekwenda na maji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Baridi tangu siku ile hakuwa na wimbo mwingine ila kifuniko cha nyuma ya pikapu.

Muuza vifaa vya magari aliwaonyesha, yeye na mkewe, turubai la kukunja lenye vishikizo pembeni, kisha kifuniko kigumu cha faibaglasi, cheusi, kinachong'aa, chenye kufuli lake.

"Chukua turubai," mkewe alimnong'oneza. "Siku ukipata mzigo mrefu unalikunja, maisha yanaendelea."

"Turubai mwizi analichana kwa wembe."

"Na hiki, kabati utalipitishia wapi?"

"Mimi nabeba zana, mke wangu. Sibebi makabati."

Muuzaji alicheka. "Hiki nacho kinatoka, mama. Bolti nne, watu wawili wakishika. Ila ukikirudisha, huu mpira wa pembeni ukae sawasawa, la sivyo mvua itawatembelea."

Na mvua iliwatembelea kweli. Wiki ya kwanza maji yalipenya kwenye pembe, zana zikalowa. Baridi alitumia Jumapili nzima akilegeza, akikaza, akimwagia maji kwa ndoo na kuchungulia ndani kwa tochi. Jioni pembe ilikuwa kavu kama unga. Akajiapiza kwamba bolti zile hazitaguswa tena.

Siku nne baadaye dada yake mkubwa alimkuta uani akilifuta gari. Huyu dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimlisha na kumvisha kwa cherehani ile ile ya mama, ya chuma, yenye meza yake na kanyagio la miguu, na mpaka leo ndiyo iliyomweka mjini. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliopita, na sasa mwenye nyumba alikuwa anaitaka nyumba yake.

"Mdogo wangu, Jumamosi nahama," alisema. "Vitu si vingi. Kitanda, kabati, na cherehani. Nikasema gari si lipo."

Baridi aliutazama ule mpira wa pembeni. Aliiona Jumapili yake nzima ikimwagika.

"Lingekuwa halina kifuniko, dada. Hiki kimefungwa moja kwa moja. Hakitoki."

"Hakitoki kabisa?"

"Hakitoki."

"Basi si neno. Nitatafuta mkokoteni."

Uongo ulimtoka kirahisi hivyo, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Mkewe alipouliza habari za kuhama kwa wifi yake, akamwambia kwamba dada amepata gari jingine. Jumamosi alienda kazini. Wiki iliyofuata alimpigia simu, dada akasema wamefika salama, cherehani iko kwa fundi. Baridi hakuuliza imefikaje kwa fundi.

Ilipita miezi mitatu. Mwenye hoteli moja akampa kazi nono: kuhamisha jokofu refu ambalo halitakiwi kulazwa. Baridi hakufikiri mara mbili. Yeye na mkewe wakafungua bolti nne, wakakiinua kifuniko, wakakiegemeza ukutani. Walikuwa wakinywa chai kibarazani dada alipoingia na suruali za watoto wao alizokuwa amezipunguza. Alikiona kifuniko. Akasimama.

"Kumbe kinatoka."

Baridi alifungua mdomo, lakini mkewe, ambaye hakujua lolote, alimtangulia. "Si hata nusu saa, wifi. Upande wa kule nimeushika mimi mwenyewe."

"Aa," dada alisema. Akaziweka suruali juu ya kiti. "Hizi nimeacha pindo kubwa. Wakirefuka, mtashusha."

"Kaa basi unywe chai. Cherehani imepona?"

"Haikupona. Pale mteremkoni mkokoteni uliwashinda vijana, ikaangukia mawe. Chuma chenyewe kikapasuka shingoni, fundi akanirudishia." Alisema haya akimtazama mkewe Baridi, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia. "Siku hizi nashonea kwenye duka la watu. Wanataka niingie saa mbili. Acha niwahi."

Baridi alimfuata hadi getini. "Dada, nitakununulia nyingine."

"Usijisumbue."

"Niliogopa mvua, dada."

Dada alimtazama kama anayetafuta mahali pa kupachika kiraka akapakosa. "Nami siku ile ilininyeshea," alisema, akaondoka.

Alimnunulia hata hivyo, mpya, ya umeme. Dada aliipokea, akashukuru kama anavyoshukuriwa mgeni, akaifunika kwa kitambaa. Baridi akamuuzia kifuniko muuza mikate, akaweka turubai, na watu wa mtaani wakaanza kuisifu pikapu yake kwa kubeba kila kitu: milango, magodoro, hata mbuzi.

Mwaka uliofuata ni mkewe aliyempa habari, tena kwa kupita tu, wakiwa wanakula. "Wifi amehama. Tangu juzi."

"Vitu alibebewa na nani?"

"Sijui. Hakusema."

Kesho yake alikwenda. Alikuta chumba kimeshapangwa, mapazia yametundikwa, kitanda kimesukumwa ukutani. Dada akamvutia kiti, akamwuliza watoto hawajambo. Baridi alitazama huku na huku akitafuta hata msumari mmoja wa kumsaidia kupigilia. Haukuwepo.