Kwapani mwa Jani

Ndoo ya kumi na tatu ndiyo iliyomchosha Recheli kila siku. Kumi na mbili za mwanzo alizibeba kwa mazoea, lakini ya kumi na tatu ilimkumbusha kwamba bado iko ya kumi na nne, kwamba ana miaka hamsini na minane, na kwamba mzeituni haujui kusema ahsante. Miti saba, ndoo mbili mbili, kutoka kisimani hadi nyuma ya nyumba. Miaka tisa hiyo, jamani, na zeituni lenyewe hajalionja hata kwa bahati mbaya.

Miti ilikuwa ya mumewe, Silasi. Alikwenda mkutano wa kanisa huko Mbeya, akarudi amepakata viriba kumi na viwili vya miche. Watu wa Ulyankulu wakamcheka: wenzake wamerudi na vitenge vya wake zao, yeye karudi na miti ya Biblia. Hakujali. Alisema siku moja watakamua mafuta yao wenyewe na kuachana na tumbaku iliyomharibu kifua. Miche mitano ilikufa mwaka wa kwanza. Saba ikakua, ikanenepa, ikatoa majani ya kijivujivu ya kupendeza, basi. Ua hata moja hakuna.

Sasa Silasi alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete, wiki ya tano hiyo, kwa kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Na shamba lilikuwa la urithi, lake na la kaka yake, Lugembe. Lugembe bado analima tumbaku, na tumbaku haikauki bila kuni za bani, lile banda la kukaushia majani kwa moto. Mwezi wa sita alikuwa amesema mbele ya ndugu wote, kwa upole kabisa, "Ikifika mwezi wa kumi miti hii haijatoa ua, naikata. Kuni zimekuwa mbali." Silasi alikubali, maana angesema nini? Ila siku anapelekwa hospitali alimshika mkewe mkono.

"Mama Julieth, usiiache. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, na mzeituni unapenda baridi."

Basi hakuiacha. Mwishoni mwa mwezi wa tisa, akiwa anamwagilia, aliona kwapani mwa majani, pale jani linaposhikana na tawi, vimechomoza vijitu vidogo vya kijani. Recheli amelima tumbaku tangu usichana wake. Kinachochomoza kwapani mwa jani anakijua: ni chipukizi, mwizi huyo, linanyonya nguvu ya mmea, na ukilichekea umekwisha. Ua hutoka juu, kileleni. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi pale kijijini anakwambia. Akaweka ndoo chini, akaanza kubandua. Vidole vyenyewe vilikuwa vinaijua kazi. Alibandua siku tatu, mti kwa mti, akipanda ngazi huku magoti yakimuuma, akavirundika chini ya mashina viwe mbolea. Alifurahi. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameifanyia miti ile jambo analoliweza.

Wiki iliyofuata, Jumatano, Silasi akapiga simu kutoka wodini. Sauti yake ilikuwa na uhai ambao Recheli alikuwa hajausikia siku nyingi.

"Mama Julieth, kitanda cha pili yupo bwana shamba mstaafu, Renatus. Kanifungua macho. Tulikuwa tunatazama kileleni bure. Maua ya mzeituni yanatoka kwapani mwa jani. Yanaanza madogo, ya kijani, kama punje za ulezi. Hebu kaangalie."

Recheli alikuwa chini ya mti wa tatu. Rundo lilikuwa miguuni pake, limeshanyauka.

"Upo?"

"Nipo," akasema. "Nitaangalia."

Hakulia. Alichoka tu, uchovu ule wa kukaa chini bila kutafuta kigoda. Na pale chini, tusimfiche, likamjia wazo tamu. Hakuna aliyeona. Mwezi wa kumi umeshaingia; Lugembe atakuja Jumamosi, atakagua matawi, hataona kitu, atakata. Ndoo kumi na nne zitakwisha siku hiyohiyo, na yeye atalala hadi jua lichomoze kama binadamu wengine. Alikaa na wazo hilo siku mbili, na kusema kweli lilimpumzisha. Lakini kila alipolifikisha mwisho alimwona Silasi akirudi na bandeji yake, anatazama visiki saba, anaamini kwamba miaka tisa yote alilea miti tasa na waliomcheka walikuwa sahihi.

Jumamosi Lugembe akaja na shoka.

"Shikamoo, shemeji," Recheli akamwamkia.

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri kidogo."

Akazunguka miti yote saba, akavuta tawi hili na lile. Hakuonekana kufurahi, masikini; alikuwa mzee mwenye shida ya kuni.

"Hakuna kitu, shemeji. Na tulikubaliana."

"Kilikuwepo," Recheli akasema. Akafungua kiganja. Mlikuwa na vikonyo vilivyonyauka, punje zimevishikilia. Akapasua punje moja kwa ukucha, ndani mkaonekana weupe wa ua lililokunjwa. "Nilivibandua mimi. Vilitoka kwapani. Nilidhani machipukizi."

Lugembe akaweka shoka chini. Akatazama kiganja, akatazama kwapa la jani, akarudi kwenye kiganja. Halafu akaanza kucheka, polepole, mpaka akashika shina asianguke.

"Shemeji," akasema akijifuta macho, "hata mimi ningebandua."

Akaliweka shoka begani. "Mwaka mmoja. Ukivigusa tena, nakata hivyo vidole."

Alipoondoka, Recheli akampigia mumewe simu na kumweleza yote, bila kujitetea.

"Vilikuwa vingi?" Silasi akauliza.

"Miti yote saba. Nilibandua siku tatu nzima."

Akamsikia akiiweka simu kando na kumwambia jirani yake, kwa sauti iliyojaa kwikwi na majivuno, "Siku tatu, Renatus. Anasema siku tatu, miti yote."

Recheli akasubiri arudi kwenye simu. Hakurudi, alikuwa bado anasimulia wodi nzima. Akakata, akachukua ndoo, akashika njia ya kisimani. Ilikuwa ya kwanza kwa siku hiyo, na mwaka mzima ulikuwa mbele yake.