Fundo la Nje

Fundi cherehani alikaribia kuruhusiwa kutoka wodi ya wagonjwa wa akili. Usingizi ulikuwa umemrudia, zile sauti zimefunga virago. Ndipo mumewe akaja kumtembelea na shati jeupe, limefuliwa vizuri mno kwa mwanaume aliyeachwa peke yake.

Kifungo cha pili kilishonwa upya, fundo la uzi limekaa nje. Fundi akaijua kazi ya mdogo wake wa kike: yeye ndiye aliyemfundisha kushona tangu ana mapengo, akamsema mpaka mate yakamkauka: fundo lifiche ndani, mama wee. Binti hakusikia. Na juzi tu mdogo huyo alikuwa ameapa hajakanyaga nyumbani kwa dada yake tangu alazwe.

"Nani anakushonea vifungo siku hizi?"

Mume akasema fundi wa mtaani. Halafu akamfuata muuguzi mlangoni, na kwa sauti ya huruma akaomba mkewe aongezewe dozi, maana ameanza tena kuona yasiyokuwepo. Fundi akasikia yote. Mdogo mtu kachukua mume; mume naye sasa anataka kuchukua akili.

Muuguzi huyo wagonjwa walimwita Sista Fungua, maana ukimeza dawa lazima ufungue mdomo akague mpaka chini ya ulimi, kama anayetafuta panya. Alivuta kiti, akamwuliza fundi amelalaje, ameona nini, sauti zimesema lolote. Fundi akasema amelala vizuri, sauti ziko kimya tangu wiki iliyopita, na alichokiona ni kifungo cha mumewe chenye fundo nje. Basi akamgeukia mume.

"Shemeji, dawa zangu ni za vitu visivyokuwepo. Hicho kifungo hata mimi nakiona."

Mume akainamia viatu vyake. "Ilitokea tu," akasema.

Fundi akamshika sista mkono, akauliza aachike au avumilie. Sista akasema hilo hamwamulii, wala asilikate leo hasira ikichemka. Aamue la karibu tu: akitoka hapa, atalala wapi roho itulie?

"Kwa shangazi. Mengine nitayajua nikiwa huko."

Wodini mkasi ni marufuku. Fundi akamvuta mumewe kwa kola, taratibu, kama zamani, akakata uzi kwa meno. Kifungo akamwekea kiganjani.

"Mpelekee mdogo wangu. Mwambie arudie, fundo liwe ndani."

Mume alipotoka, sista, kwa mazoea, akamwambia fundi afungue mdomo. Akafungua. Chini ya ulimi palikuwa na kipande cha uzi, na nyuma yake kilio alichokibana muda wote kikatoka.