Mwenye Pingamizi Asimame

Watu wa filamu walipanda kutoka Mombo wiki ya kwanza ya Desemba wakiwa na magari matatu, jenereta, na mashine ya kutengeneza ukungu. Hiyo mashine ndiyo iliyowachekesha wanakijiji wa kule juu ya Lukozi kuliko kitu kingine chochote. Mtu anatoka Dar es Salaam na ukungu wake kuuleta Usambara! Siku ya kwanza walipoiwasha, ukungu wenyewe, ule wa Mungu, ulishuka saa nne asubuhi ukafunika kanisa, magari, mwongozaji na mashine yake, na kazi ikasimama mpaka saa nane kwa sababu mpiga picha hakumwona mwigizaji aliyesimama hatua tano mbele yake.

Filamu ilikuwa ya mapenzi na vichekesho, ya msimu wa Krismasi. Mwongozaji, dada mmoja mwembamba aitwaye Janeth, aliyevaa makoti mawili na bado akawa anatetemeka, aliwakusanya washarika akawasimulia kisa. Binti wa mlimani anatangazwa kanisani kwamba ataolewa na mwanamume asiyempenda. Mzee wa kanisa anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mlango unafunguka, anaingia kijana wa mjini, anapaza sauti kwamba anapinga. Watu wanashtuka, binti analia kwa furaha, Krismasi inafika, wote wanakula pilau.

"Na yule bwana harusi wa kwanza?" mama mmoja aliuliza. "Kwani amekosa nini?"

Janeth alisema hilo halimo kwenye hadithi. Akina mama wakatazamana. Nyuma yao Efrazia, fundi cherehani, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Angeweza kumjibu yule mama vizuri kuliko mwongozaji yeyote.

Maana Efrazia alishatangazwa. Miaka saba iliyopita, yeye na mwalimu mmoja aitwaye Emanueli. Na kwa Walutheri wa kule ndoa haifungwi mpaka majina yasomwe mbele ya watu Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza yalisomwa, shangazi zake wakapiga vigelegele. Ya pili yakasomwa. Ya tatu Efrazia alikaa benchi la mbele na kitenge kipya, akamsikiliza Mzee Bartholomeo, mzee wa kanisa, akitangaza zamu za usafi, mkutano wa vijana, ndoa ya watu wengine wawili. Kisha Mzee akakunja karatasi zake akaenda kuketi. Emanueli alikuwa ameiondoa karatasi yao Jumamosi jioni na kupanda gari la Tanga. Mkewe mtarajiwa alijua pale pale, pamoja na watu mia mbili.

Siku ile wanawake wa kwaya walimsindikiza hadi nyumbani kwake. Njia nzima walizungumza habari za maharage, kwamba mwaka huu yanaliwa na wadudu, kwamba mbegu ya Lukozi ni bora kuliko ya Lushoto mjini. Hakuna aliyemwambia pole. Efrazia anawashukuru hadi leo kwa maharage yale, kwani angeambiwa pole moja tu angeanguka njiani.

Lakini tangu hapo, ukifika wakati wa matangazo, alinyanyuka taratibu kwenda nje kupanga vikombe vya chai ya wazee. Miaka saba ya kupanga vikombe. Hakuna kanisa Tanzania nzima lililokuwa na vikombe vilivyopangwa vizuri kama lile.

Sasa, kulikuwa na Rubeni. Rubeni alikuwa mgane wa miaka arobaini na mitano, mkulima wa kabichi na karoti, mtu mkimya mwenye mikono mikubwa. Kwa miaka miwili alimletea Efrazia mashati yaliyodondoka vifungo. Fundi yeyote angejua kwamba hakuna nguo inayodondosha vifungo namna ile. Vilikuwa vimekatwa kwa kisu, na nyuzi zimebaki zimesimama. Efrazia alivishona bila kusema neno. Rubeni alikaa kwenye kigoda akisubiri, wakazungumza habari za mvua, na alipoondoka chumba kilionekana kikubwa kupita kiasi.

Alimpenda. Tusizunguke. Alimwambia hivyo dada yake Yusta, na Yusta akamuuliza anangoja nini basi.

"Akiniuliza nitakubali," alisema Efrazia. "Halafu nitatangazwa. Siwezi, Yusta. Nikisikia jina langu linasomwa pale mbele, nitakufa kabla ya Jumapili ya tatu."

Ndiyo maana kila Rubeni alipokohoa kwa namna ya mtu anayetaka kuanza jambo, Efrazia alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka kikohozi kikapotea kwenye kelele.

Jumamosi ya kupiga picha ya tangazo, washarika walivaa nguo za Jumapili wakajaa kanisani. Janeth alipita kwenye mabenchi akipanga watu. Alipomwona Efrazia karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, alimshika mkono.

"Dada, hicho kitenge cha kijani kinapendeza sana kwenye kamera. Njoo hapa benchi la pili. Na nakuomba, usinyanyuke hata kidogo mpaka niseme kata."

Efrazia alitaka kukataa, ila tayari taa zilikuwa zimewashwa na watu wanamwangalia. Akaketi. Alijiambia kwamba ni mchezo tu, majina ni ya uongo, hakuna wa kufa.

Mzee Bartholomeo, mwenye miaka sabini na minane, alikabidhiwa karatasi yenye majina ya binti na bwana wa kwenye filamu. Aliisoma kimyakimya. Akaisoma tena. Akamrudishia Janeth.

"Hawa ni wa usharika gani?"

"Mzee, ni majina ya kubuni tu."

"Wamebatizwa?"

"Hawapo, Mzee. Ni filamu."

"Basi siwezi kuwatangaza," alisema Mzee, kwa upole wa mtu ambaye hatabadili mawazo. "Mwanangu, mimi hapa nimesimama miaka thelathini na moja. Hakuna jina nililolisoma hapa la mtu ambaye hayupo. Mtu akisikia kutoka hapa, ajue ni kweli."

Janeth alibembeleza. Alieleza gharama ya jenereta, alieleza kwamba mchungaji ameruhusu, alieleza kwamba jua linazama. Mzee alimsikiliza kwa heshima zote na hakusogea. Mwishowe dada wa watu akashika kichwa.

"Sawa, Mzee. Soma tangazo lolote ulilo nalo. La kweli. Sauti tutaibadilisha wenyewe Dar."

"Hapo sawa," alisema Mzee Bartholomeo, akafungua jalada lake.

Wako wanaosema mpaka leo kwamba alisahau aliyoambiwa kuhusu karatasi aliyoichomoa humo. Mimi namfahamu mzee anayekumbuka nani alibatizwa mvua ikinyesha mwaka wa sabini na sita, na nani alilia. Kusahau si tabia yake. Lakini tumwachie Mungu.

"Kimya!" alisema Janeth. "Kamera. Haya, Mzee."

"Kuna ndoa inayotarajiwa kufungwa," alisoma Mzee Bartholomeo kwa sauti ile ile ya siku zote, "kati ya Ndugu Rubeni, mgane, wa mtaa huu, na Dada Efrazia, wa mtaa huu. Hili ni tangazo la kwanza. Mwenye pingamizi asimame."

Efrazia hakufa. Alishangaa kwanza kwa hilo. Moyo uliendelea kupiga, tena kwa kelele. Upande wa wanaume Rubeni alikuwa amesimama nusu, mdomo wazi.

Na hapo mlango ukafunguka kwa kishindo.

Ulimboka, mwigizaji nyota aliyeigiza yule kijana wa mjini, alikuwa nje muda wote akipigwa baridi na hakujua lolote kuhusu majina. Yeye alingoja neno moja tu, pingamizi, na alipolisikia aliingia mbio na koti lake zuri la mjini, akapanua mikono. "Napinga! Ndoa hii haifungwi! Mwanamke huyu ni wangu!"

Washarika walikuwa wameagizwa washtuke. Wakashtuka kweli kweli, mpaka mpiga picha akaruka.

"Efrazia!" alinong'ona mama wa benchi la nyuma. "Huyu umemtoa wapi?"

Mzee Bartholomeo alivua miwani. Utaratibu ni utaratibu. "Karibu, kijana. Jina lako nani? Unatoka usharika gani? Mzee wako wa kanisa ni nani?"

Ulimboka alimwangalia Janeth. Janeth alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yanametameta, na hakusema kata.

"Mimi... mimi natoka mbali," alisema Ulimboka. "Nampenda!"

"Kupenda si pingamizi," alisema Mzee. "Umefunga naye ndoa? Mna mtoto? Kama una sababu, twende ofisini uiandike. Wakati huo tangazo litasimama."

Litasimama. Neno hilo lilimpiga Efrazia kifuani. Aliiona karatasi ikianza kukunjwa, vidole vya Mzee vile vile, mkunjo ule ule, na watu mia mbili wakitazama. Mara ya kwanza alikaa kimya na kitenge chake kipya, akaacha jambo lake liondoke mlangoni bila hata kuuliza linakwenda wapi. Leo ghafla alikasirika. Alikasirika kwa ajili ya leo, na kwa ajili ya siku ile pia, hasira ya miaka saba iliyokuwa imefichwa kwenye vikombe.

Akasimama.

"Shikamoo, Mzee," alisema, maana hata katika moto mtu hasahau adabu.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu kijana simjui. Sijawahi kumwona mpaka Jumatatu aliposhuka kwenye gari akiulizia choo. Hana pingamizi lolote." Akaitazama karatasi mkononi mwa Mzee. "Naomba usiikunje hiyo karatasi. Naomba tangazo langu liendelee."

Tangazo langu. Alilisikia likitoka kinywani mwake. Yusta akapiga kigelegele cha kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu. Kwaya ilianza wimbo bila mwalimu wake. Ulimboka, kijana mwenye moyo mzuri, aliinua mikono akasema kwamba pingamizi ameliondoa.

Makelele yalipopungua Janeth alifika akifuta machozi kwa mkono wa koti. "Dada, ilikuwa nzuri ajabu. Tunaweza kurudia mara moja tu? Pale uliposema naomba tangazo langu, taa ilikuwa—"

"Hapana, mdogo wangu," alisema Efrazia. "Hilo silirudii."

Rubeni alikuwa amevuka kutoka upande wa wanaume, kofia mkononi, akiigeuzageuza.

"Efrazia, nisamehe. Nilimpa Mzee ile karatasi anitunzie tu. Nilimwambia angoje. Nilikuwa bado sijakuuliza."

"Najua hujaniuliza."

"Kila nikitaka kuanza, cherehani linapiga kelele."

"Sasa halipo. Niulize."

Rubeni aliangalia huku na huku. "Hapa? Mbele ya watu wote hawa?"

"Jibu wameshalisikia," alisema Efrazia. "Limebaki swali."

Basi Rubeni akauliza, kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo. Alichosema ni chao. Waliokuwa karibu walimwona Efrazia akiitikia kwa kichwa na kucheka huku machozi yakimtoka, na walikuwa na adabu ya kutosha kuanza kuzungumza habari za mvua.

Watu walipotoka nje kwenda kula pilau la watu wa filamu, Efrazia alibaki. Mzee Bartholomeo alikuwa anapanga jalada lake, polepole, bila kumtazama.

"Leo haihesabiwi," alisema. "Si ibada. Tutaanza kesho, Jumapili tatu kamili. Mtafunga siku ya pili ya Krismasi, Mungu akipenda."

"Sawa, Mzee."

"Mwanangu." Akaacha kupanga. "Mara ile, Emanueli aliniletea taarifa Jumamosi saa kumi na mbili. Nilipaswa kuja kwako jioni ile ile. Nilivaa viatu. Nikafika kwenye mwembe wa shule nikarudi. Niliogopa kukuona ukilia, nikakuacha usikie kwa kunyamaza kwangu. Miaka saba nakuona unatoka nje, na najua aliyekutoa ni mimi."

Muda wote Efrazia alidhani yuko peke yake nje na vikombe vyake, kumbe mzee huyu alikuwa akihesabu kila hatua yake ya kwenda mlangoni. Alifikiria akina mama na maharage yao, Yusta na maswali yake, Rubeni akikata vifungo vya mashati mazima kwa kisu. Alikuwa amebebwa na watu muda wote huu bila kusikia hata mmoja wao akilalamikia uzito.

"Hongea, Mzee," alisema, ahsante ile ya kwao, na akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Hongea sana."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alifunga jalada, akaliweka kwapani, akatangulia kuelekea mlangoni kulikokuwa kunanukia pilau.

"Mzee," Efrazia alimwita. "Kesho usome kwa sauti."