Swali la Baba Winny

"Mama Wechuli, mtamzika hapa ama mtampeleka kwenu?"

Jirani yangu Odongo, Baba Winny, aliniuliza hivyo jua likichomoza, yeye nje ya ua, mimi nakoroga uji. Alfajiri nilikuwa nimepigiwa simu kwamba dada yangu Nangila amelazwa Bungoma, hali mbaya. Nikadhani habari zimenitangulia.

"Bado anapumua," nikamjibu. "Mungu yupo."

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga nyoka. Akaenda zake.

Saa nne, wanawake waliokwenda kuteka maji walimkuta mwanangu Wechuli kwenye matete, kichwa kimepasuliwa.

Hapa Pap Onditi watu walisema ni wezi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto Sondu. Kila ubaya wetu una mwenyewe ng'ambo. Sikubisha. Nimekaa hapa miaka ishirini na mitatu, namwimbia Mungu kwa Kijaluo chao, na bado naitwa jamwa, mtu wa nje. Wechuli alizaliwa hapa hapa. Alipompenda Winny, Odongo alisimama sokoni akasema damu ya jamwa haitaingia bomani kwake.

Tulimzika Kimilili, kando ya baba yake. Nangila alipona. Ndipo nikaanza kulichambua lile swali kama mchele. Kiswahili hakibagui mume na mke: "mtamzika" ni Nangila, na "mtamzika" ni Wechuli.

Jana Dorca, mke wa Odongo, aliniletea omena, wale dagaa wa ziwani. Tangu msiba hajaacha kuja, na huniita binti wa Kimilili kwa Kijaluo.

"Nyar Kimilili, kula basi. Umekonda mpaka kivuli chako kinakuhurumia."

"Dorca, nani aliwaambia Nangila ni mgonjwa?"

"Nangila aliugua? Lini? We mama, unanificha mambo!"

"Siku ile ya Wechuli. Baba Winny alipita hapa jua likichomoza, akaniuliza tutamzika wapi."

Akacheka. "Sasa mtamzika nani, na yeye hata hajui Nangila ni..."

Kicheko kikakatika.

"Wechuli alionekana saa ngapi?" akauliza polepole.

"Saa nne."

Aliangalia viganja vyake. "Asubuhi ile alirudi shati limelowa," akasema. "Akaniambia ni umande. Nililifua mimi."

Sikumshika mkono kumpeleka popote. Mume ni mume, na ana watoto. Niliomba moyoni tu.

Dorca akainuka, akaacha sahani yake mezani, akatoka. Kwake ni kushoto. Alipofika njia panda akakata kulia, kwenye barabara ya kituo cha polisi.